Sheria Ndogo za Jiji na Wavujajasho wa Kariakoo: Nani Hutunga, Nani Hubadili?

Katika maandishi ya nadharia tumezoea kuijadili dola kwa vyombo vyake vikubwa: Bunge, Serikali, mahakama na majeshi. Lakini kijana anayeuza viatu vya mtumba Mtaa wa Kongo hakutani na vyombo hivyo kila siku. Dola anayoijua yeye ni sheria ndogo ya Halmashauri, nayo humfikia kwa sura ya mgambo, kitabu cha stakabadhi na gari la kubebea bidhaa zilizokamatwa. Basi anayetaka kupima kama umma umeshika hatamu mjini asiishie kwenye Katiba. Achukue sheria ndogo moja, aisome toka jina hadi jedwali, kisha aulize: ilipita vikao gani, na nani walikuwamo?

Swali hilo tunaliuliza hapa kuhusu Kariakoo na mitaa ya katikati ya Dar es Salaam. Jibu letu ni kwamba sheria ndogo za huko hutungwa kwa kumwuliza mtu anayelala Kariakoo, ilhali anayetawaliwa nazo ni mtu anayefanya kazi Kariakoo. Na hao wawili, kadiri miaka inavyopita, si mtu mmoja tena. Kwa kuwa anayetawaliwa hakuulizwa, sheria haishiki. Na isiposhika haipelekwi kikaoni ikarekebishwa. Hutenguliwa kwa tamko, kisha ikahuishwa kwa tamko.

NJIA YENYEWE

Uwezo wa kutunga unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, na ule wa kutoza ushuru na ada unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka huohuo. Kwa maandishi, njia ni nzuri. Idara yenye haja, tuseme ya usafi au ya biashara, huleta pendekezo. Mwanasheria wa Halmashauri huandika rasimu. Rasimu hupita kwa wakuu wa idara na kwenye kamati za kudumu za madiwani. Wananchi hutangaziwa ili wenye maoni au pingamizi wayalete. Baraza la Madiwani hukaa na kupitisha. Kisha rasimu hupanda mpaka kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa, ambaye akiridhika huweka sahihi. Mwisho hupigwa chapa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo. Bila sahihi ile na bila Tangazo lile, azimio la madiwani, hata likipigiwa makofi ukumbi mzima, ni azimio tu na halimfungi mtu.

Kurekebisha ni vivyo hivyo. Aliyepewa uwezo wa kutunga amepewa na uwezo wa kubadili na kufuta, ila kwa njia ileile. Hata kupunguza ushuru wa meza ya nyanya kwa shilingi mia moja kunadai safari nzima: kamati, tangazo, Baraza, Waziri, Gazeti. Tusiilaumu safari hiyo kwa urefu wake. Urefu ule uliwekwa makusudi ili mtu mmoja asiamke asubuhi na kubadili masharti ya maisha ya maelfu. Tatizo ni kwamba mtendaji mwenye haraka hujua njia ya mkato, nayo tutaifikia.

Kwanza tuisome karatasi yenyewe, maana wengi huijadili sheria ndogo bila kuiona. Huanza na jina na eneo la matumizi. Hufuata tafsiri ya maneno, na hapo msomaji asipite mbio, kwa kuwa mara nyingi tabaka la mtu huamuliwa katika fasili. Ikiandikwa kwamba mfanyabiashara ni mtu mwenye leseni na mahali maalumu pa biashara, basi mama lishe mwenye sufuria tatu na jiko la mkaa si mfanyabiashara. Ni nani basi? Atajitokeza vifungu kadhaa mbele, katika sehemu ya makosa. Baada ya fasili huja wajibu, na wajibu karibu wote ni wa mwananchi: kufagia, kulipa ada ya taka, kuweka chombo cha taka, kutozuia njia. Wajibu wa Halmashauri, kama kuzoa taka hizo siku inayotakiwa, huandikwa kwa kifupi, na hauna adhabu.

Kisha huja kifungu cha kufifilisha makosa. Neno hili halisikiki sokoni, lakini ndilo lenye nguvu kuliko yote katika karatasi hiyo. Maana yake ni kwamba aliyekamatwa akikiri kosa kwa maandishi, Mkurugenzi au aliyekasimiwa naye anaweza kumtoza fedha, na shauri likaisha pasipo kufika mbele ya hakimu. Kwa mwanasheria hii ni njia ya kupunguza mlundikano wa kesi. Kwa mchuuzi aliyekamatwa saa nne asubuhi, akiwa na matenga ya nyanya zitakazoharibika kufikia jioni, ni jambo lingine kabisa. Kukiri ndiko kunakookoa mali yake, awe amekosa au hakukosa. (Na pale ambapo stakabadhi haikatwi, hata kufifilisha kwenyewe hakuna, kuna rushwa tu.)

Hasara ya kifungu hicho haiishii kwa mchuuzi. Sheria isiyofika mahakamani haijaribiwi. Hakimu hapati nafasi ya kusema kwamba kifungu fulani kinapingana na sheria mama, au kwamba adhabu yake imepita kiasi, na kwa hiyo hakuna hukumu inayorudi Halmashauri kuwalazimisha madiwani wakirekebishe. Kifungu kibovu huishi miaka mingi kwa sababu kila anayeumizwa nacho amekiri.

Ndugu msomaji aitazame na faini. Ile shilingi 50,000 ambayo hata kuta za mji zinaitangaza kwa rangi nyekundu, ni moja kwa wote. Kwa mwenye ghorofa la maduka Mtaa wa Msimbazi haifiki hata bei ya fulana chache za dukani mwake. Kwa mama lishe ni mtaji wote: mchele, maharage, mkaa na nauli ya kurudi nyumbani. Sheria inayowatoza sawa watu wasio sawa imekwisha kuchagua upande, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Mwishoni mwa karatasi kuna lakiri ya Halmashauri, tarehe ya mkutano wa Baraza uliopitisha, majina ya Meya au Mwenyekiti na ya Mkurugenzi, na neno NAKUBALI juu ya sahihi ya Waziri. Tarehe ya kikao cha madiwani imo. Tarehe ya mkutano wa wananchi haimo. Hapana mahali palipotengwa pa kuonyesha waliitwa wangapi, walikuja wangapi, walipinga nini na walijibiwaje. Wanaoshuhudia kuzaliwa kwa sheria ni mwenye lakiri na mwenye sahihi.

URITHI WA MJI ULIOGAWANYWA

Kasoro hii ina mizizi. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliopiga kambi mahali hapo. Walikuwa watu wa kubeba na kuamriwa. Baada ya vita Waingereza waliugawa mji kanda tatu kwa kanuni za ujenzi: kanda ya nyumba za Kizungu, kanda ya biashara ambayo ikawa Uhindini, na kanda ya tatu ya nyumba za Kiswahili, ambamo Kariakoo ilitiwa. Kanuni hazikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba, na aina ya nyumba ikamtaja mtu. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati kama mpaka. Na ilipofika mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa. Mwafrika katika mji ule alihesabiwa kuwa mgeni anayevumiliwa maadamu ana kazi ya kumtumikia mtu. Kanuni zilitungwa juu yake, hazikutungwa naye.

Mji uliofanywa manispaa mwaka 1949 na Jiji mwaka 1961 ulirithi makabati ya kanuni hizo pamoja na tabia yake. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954 palepale Kariakoo, mtaa ambao leo ni Lumumba, ilikuwa na kila sababu ya kuikataa tabia hiyo, na katika maazimio yake iliikataa. Mwongozo wa mwaka 1971 ulitamka wazi kwamba maendeleo ya watu hayana budi kufikiriwa, kupangwa na kutekelezwa na watu wenyewe. Lakini mwaka uliofuata yalikuja Madaraka Mikoani, na hapa lazima tuseme bila kuuma maneno. Siasa iliyotangazwa kwa jina la kuyapeleka madaraka kwa wananchi iliyafuta mabaraza waliyoyachagua wananchi na kuyaweka madaraka hayo mikononi mwa watumishi wa Serikali walioletwa mikoani na wilayani. Mabaraza ya miji nayo yalifuata. Huduma za mijini ziliporomoka, kipindupindu kikaingia mwishoni mwa miaka hiyo, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurejeshwa. Mwalimu mwenyewe mwaka 1984 alisema kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya.

Sheria za 1982 zilirudisha mabaraza, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yakayapa mahali katika Katiba. Hata hivyo mwaka uliofuata sheria Na. 8 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, na katika mitaa ya Kariakoo ilitekelezwa kwa misako ya kuwakamata wasio na kazi na kuwapeleka vijijini. Nia ilielezwa kuwa ni uzalishaji. Lakini mzee aliyekumbuka ya mwaka 1944 alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi, ikiwa anayekamatwa safari hii pia hakuulizwa.

Tangu hapo Baraza la Jiji halikupata utulivu. Mwaka 1996 lilivunjwa na Tume ya Jiji ikaendesha mji hadi mwaka 2000 bila madiwani wa kuchaguliwa. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na Halmashauri ya Jiji juu yake. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ile ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kariakoo haikusogea hata hatua moja, lakini imebadilishiwa mtunga sheria mara hizo zote. Tusistaajabu mchuuzi akishindwa kusema diwani wake ni nani.

ANAYELALA NA ANAYEFANYA KAZI

Sasa tuje kwenye kiini. Sheria zetu zinamtambua mtu wa mjini kwa kitanda chake. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi. Diwani huchaguliwa na waliojiandikisha katika kata. Maoni juu ya rasimu yakitafutwa, hutafutwa kwa njia hizo: tangazo kwenye ubao wa ofisi, barua kwa mtendaji wa kata, kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wakati Kariakoo ilikuwa mji wa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, mwenye nyumba chumba cha mbele, wapangaji nyuma, na barazani meza ya karanga au cherehani, mpango huo ulifaa. Aliyelala hapo ndiye aliyechuuza hapo, au alikuwa mpangaji mwenzake.

Nyumba hizo kwa sehemu kubwa zimebomolewa. Mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Mwenye nyumba wa zamani ameuza au ameingia ubia, naye akahamia pembezoni. Mchuuzi hutoka Mbagala, Tandale, Kimara au Gongo la Mboto, hushuka alfajiri na kuondoka usiku. Katika hao wanne, wa Mbagala diwani wake yuko Temeke, wa Tandale yuko Kinondoni, wa Kimara yuko Ubungo. Madiwani hao hawana kauli katika sheria ndogo ya Kariakoo. Ni yule wa Gongo la Mboto tu mwenye diwani katika Baraza linalohusika, naye alichaguliwa kwa ahadi za barabara na maji ya Gongo la Mboto. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi miaka ishirini pembeni ya soko, akalipa ushuru kila siku iliyotakiwa, akakamatwa mara arobaini, na katika muda wote huo asiwe na hata mlango mmoja wa kuingilia katika kikao kinachotunga sheria inayomkamata.

Ndani ya soko lenyewe mambo yana sura nyingine. Jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970 liliwekwa chini ya Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974. Hivyo aliyekuwa na kizimba ndani alikuwa chini ya Shirika, na mwenzake aliye hatua kumi nje alikuwa chini ya Halmashauri. Barabara iliyo katikati yao, tangu mwaka 2017, imekuwa ya wakala wa barabara za mijini na vijijini. Mwuza vitunguu mwenye mkokoteni huvuka mamlaka tatu kabla hajauza kilo moja.

Linganisha na kijijini. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zake. Zinajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha zinathibitishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Mtaa unaweza kupendekeza, kushauri, kuhamasisha, kupiga mhuri barua ya utambulisho. Kutunga hauwezi. Mkulima wa kijiji chochote cha Dodoma, kwa mujibu wa sheria za nchi, yuko karibu na kalamu ya kutunga sheria kuliko mfanyakazi yeyote wa Kariakoo. Wenye kudhani kwamba mji ndio mwamko na kijiji ndicho kiza wangefaa walitafakari hilo.

SHERIA INAYOLALA NA KUAMSHWA

Matokeo tumeyaona kwa macho. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na akaagiza wenye navyo wasibughudhiwe. Amri ilishuka kupitia Wakuu wa Mikoa. Haikupitia mabaraza ya madiwani. Wachuuzi waliishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana mtu mwenye cheo kikubwa alisema hadharani kwamba kazi yao ni kazi. Mitaa ya Kongo, Msimbazi na Uhuru ilijaa meza mpaka katikati ya njia.

Lakini makatazo ya kufanya biashara kwenye hifadhi ya barabara na njia za waenda kwa miguu yalikuwa yamo katika vitabu siku zote hizo. Yalilala tu. Oktoba 2021 yakaamshwa. Mkoa wa Dar es Salaam ukatoa siku za mwisho, ukaziongeza kidogo, kisha vibanda vikaondolewa. Agizo la Rais Samia lilikuwa kwamba wapangwe pasipo vurugu, na baadhi walipelekwa maeneo mapya. Tusilichukulie jambo hili kama ugomvi wa awamu moja na nyingine. Tazama sheria tu. Mwaka 2018 mchuuzi aliruhusiwa pale alipokatazwa. Mwaka 2021 alikatazwa pale aliporuhusiwa. Na ili hayo mawili yatokee neno moja la sheria halikuhitaji kubadilika. Hiyo ndiyo njia ya mkato tuliyoitaja. Kisheria hapakuwa na marekebisho. Kimaisha yalikuwa marekebisho makubwa kuliko yote ambayo Baraza lolote la Dar es Salaam limewahi kuyapitisha.

Anayeishi kwa tamko hana haki, ana fadhila. Fadhila haiwekwi dhamana ya mkopo, wala hairithishwi. Haimpi mtu moyo wa kutengeneza meza nzuri wala kuchimba choo. Na yule diwani, ambaye kwa kanuni ndiye mtunga sheria, hubaki mwakilishi wa kulalamikiwa. Mambo makubwa ya kata yake huyasikia redioni pamoja na wapiga kura wake.

Wenye maduka nao wamejifunza somo hilohilo kwa njia yao. Mei 2023, na tena Juni 2024, walifunga maduka Kariakoo. Malalamiko ya mwaka 2023 yalihusu zaidi kodi za Serikali Kuu na namna zinavyokusanywa, si sheria ndogo za Jiji. Waziri Mkuu alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, papo hapo penye ukumbi wa Arnautoglu ambamo madiwani wa Ilala wamekaa vikao vyao mara nyingi. Uwanja ulijaa. Ni lini ukumbi ule ulijaa wafanyabiashara waliokuja kusikiliza rasimu? Tena mwaka 2025, kelele za Kariakoo juu ya wageni wanaouza rejareja zilijibiwa kwa amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa. Amri ile ilikuwa na msingi wake wa sheria, na hatuibishii hapa. Tunaonyesha tu watu wa Kariakoo wamejua mlango upi hufunguka wakigonga.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wapo watakaosema kwamba kumsikiliza kila mchuuzi ni kuufanya mji ghala la vurugu. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Machi 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya mji na kuua watu zaidi ya thelathini, na Novemba 2024 jingine likaporomoka palepale Kariakoo na kuua wengine. Mji uliobanana hivyo unahitaji njia za magari ya zimamoto, unahitaji kanuni za ujenzi, na kanuni hizo lazima ziwe kali. Lakini hebu tuangalie waliokufa chini ya kifusi cha mwaka 2024 walikuwa nani: wengi ni watu waliokuja kazini. Anayeziba njia ya zimamoto kwa meza yake ndiye atakayeungua wa kwanza. Huyo ana haja na sheria kuliko mtu mwingine yeyote, na anajua ni kona ipi gari halipiti.

Hoja ya pili ni kwamba wachuuzi si tabaka moja. Ni kweli, na wanaowasifu wamachinga kwa jumla wanakosea. Yumo anayeuza jasho lake, na yumo anayeuza mali ya mwenye duka aliye nyuma yake, ambaye amemweka barabarani ili bidhaa zitoke bila risiti. Kibwanyenye huyo hujificha nyuma ya mnyonge, na kila msako unapokuja anayepoteza ni mnyonge. Ila hili linaongeza haja ya kikao, halipunguzi. Mgambo hawezi kuwatofautisha hao wawili kwa kuwatazama. Wenzao wa mtaa huohuo wanawajua kwa majina.

Ya tatu ni kwamba ulinzi upo tayari, kwa kuwa Waziri huchuja kabla ya kusaini, na Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozipitia baada ya kutangazwa. Kazi hiyo ni ya maana na iendelee. Lakini uchujaji wa aina hiyo hutazama kama sheria ndogo imepita mpaka wa sheria mama na kama imeandikwa sawasawa. Hauwezi kujua kwamba saa ya kushusha mizigo iliyoandikwa katika kifungu ndiyo saa ambayo malori ya vitunguu kutoka bara huingia mjini.

LA KUFANYA

Chama hakikosi mfano wa kulitatua jambo hili, kwa sababu kilikwisha kulitatua mahali pengine. Mashina ya nyumba kumi yalimkuta mtu anapolala. Hata hivyo ilionekana mapema kwamba mfanyakazi hushinda mahali pengine, na matatizo yake makubwa yako huko. Ndiyo maana kukawa na matawi ya mahali pa kazi, na waraka wa Rais wa mwaka 1970 ukaanzisha mabaraza ya wafanyakazi viwandani na katika mashirika. Mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992 uliondoa matawi ya vyama makazini, na ilikuwa sawa, maana mahali pa kazi pa umma si pa chama kimoja. Lakini kanuni iliyokuwa chini yake, kwamba anayefanya kazi mahali ana neno juu ya mahali hapo, haikuwa ya chama kimoja.

Basi rasimu yoyote inayogusa biashara Kariakoo isihesabiwe kuwa imetangazwa mpaka isomwe kwa sauti mahali pa kazi: uwanjani kwa wachuuzi, stendi kwa wapagazi na wenye maguta, na kwa wenye maduka. Shirikisho la wamachinga na jumuiya ya wafanyabiashara zipo. Zipewe rasimu nzima, pamoja na jedwali la ada na faini, maana ndilo linaloumiza na ndilo huletwa mwisho. Isomwe baada ya saa kumi na moja jioni. Mkutano wa saa nne asubuhi humtaka mchuuzi achague kati ya kula na kutoa maoni. Lugha si kikwazo tena: sheria ndogo za halmashauri zimekuwa zikiandikwa kwa Kiswahili kwa muda mrefu, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zote. Kinachobaki ni Kiswahili cha kufifilisha kielezwe kwa Kiswahili cha sokoni.

Muhtasari wa mikutano hiyo uende na rasimu hadi kwa Waziri, na tarehe zake zichapwe mwishoni mwa sheria ndogo, chini ya ile ya Baraza. Madiwani wa Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni wapelekewe nakala kwa ajili ya watu wao. Na kiongozi anayetaka kusimamisha kifungu kwa huruma, au kukiamsha kwa hasira, atakiwe kupeleka hoja Barazani ndani ya muda uliowekwa. Muda huo ukipita bila hoja, agizo lake life lenyewe.

Watendaji watauliza gharama za mikutano yote hiyo. Ziwekwe katika bajeti ya kitengo cha sheria, pembeni ya fungu la posho za mgambo na mafuta ya gari la kukamatia, na madiwani waonyeshwe tarakimu zote mbili katika ukurasa mmoja.